Aliposema Ishara Ziko Moyoni

Mwezi uliopita, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uhudumu hapa mashariki mwa Tennessee, Marekani, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 88 alikataa kupelekwa kung'olewa jino. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa utulivu kwamba ishara ziko moyoni, na kwamba atakwenda zitakapokuwa zimeshuka magotini. Jioni, niliposhika zamu na kufungua faili lake, nilikuta mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka: amechanganyikiwa, anakataa matibabu, apimwe akili. Mstari huo haujanitoka moyoni hadi leo, na ndio ulionifanya niandike haya.

Bibi yule hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Ukutani, mkabala na kitanda chake, imetundikwa kalenda aliyoletewa na mwanawe, yenye picha ya mwili wa mtu aliyezungukwa na zile nyota 12 ambazo sisi pia tunazijua, kila nyota ikiwa imepewa kiungo chake: Mapacha mikononi, Simba moyoni, Mbuzi magotini, Samaki miguuni. Mwezi hukaa katika kila nyota siku mbili na kitu, kisha husogea, na watu wa milima hii ya Appalachia wamelifuata pito lake kwa vizazi vingi katika kupanda, kuhasi nguruwe, kumwachisha mtoto ziwa na kung'oa meno. Ishara zikiwa moyoni, yaani mwezi ukiwa katika Simba, mtu hakatwi wala hatobolewi, kwa kuwa inaaminiwa kwamba damu haitakatika. Zikishuka chini ya mapaja, mbali na viungo vya uhai, kidonda hupona upesi. Nilisimama mbele ya kalenda ile nikahesabu kwa kidole miraba ya siku. Kutoka moyoni hadi magotini zilikuwa siku 12. Kwa maneno mengine, bibi hakuwa amekataa matibabu. Alikuwa ametaja tarehe, na hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa tarehe.

Nilimweleza muuguzi aliyekuwa zamu. Ni mtu mwema, mchapakazi, ametoka jimbo la mbali, na alinisikiliza hadi mwisho. Daktari wa meno alipopigiwa simu alisema jino halijavimba na kusubiri hakutaleta madhara. Siku ishara zilipofika magotini bibi alikwenda, jino likang'olewa, na damu ikakatika kama inavyokatika kwa mtu mwingine yeyote. Mstari ule, hata hivyo, ungali katika faili, kwa sababu kilichokwisha kuandikwa humo hakifutwi.

Watu wengi wanaozungumzia kuhifadhi misemo, miiko na mila za milima hii huanza na wazee wanaokufa. Wanasema tuwahi kuwarekodi kabla hawajaondoka. Mimi, baada ya miaka saba ya kuwaogesha, kuwalisha na kukesha nao, naamini tumeanzia upande usiofaa. Msemo haumsubiri mzee wa mwisho anayeusema afe ndipo nao ufe. Hufa mapema zaidi, siku anapoondoka mtu wa mwisho anayeuelewa akiusikia. Bibi yule anasema mambo yake kila siku, kwa sauti, bila kuulizwa. Kinachokosekana chumbani mwake ni masikio. Na katika nyumba hizi, wasomaji wangu mnajua, masikio hayo mara nyingi ni ya kwetu: Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Mrundi aliyekulia Kigoma, Mkenya aliyekuja kusoma. Sisi ndio tulio chumbani saa tisa ya usiku mzee anapoanza kusimulia.

Chukueni mfano mwingine mdogo, ambao huniuma zaidi kwa sababu hutokea kila wiki. Huku milimani kuna maneno ambayo Kiingereza cha darasani huyasikia kama "sitaki", ilhali kwa mzee wa hapa maana yake ni "sioni ubaya, twende". Mhudumu mgeni humwuliza mzee kama angependa kutoka nje apunge hewa, mzee hukubali kwa maneno hayo, mhudumu huandika kwamba amekataa, na mzee hubaki dirishani akingoja. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo miezi yangu ya kwanza. Nilimwacha mzee mmoja na koti lake mapajani, amekwisha kulitoa kabatini kwa mikono inayotetemeka, nami nikaenda chumba kinachofuata nikidhani namheshimu.

Aliyenifungua masikio alikuwa bundi. Usiku mmoja wa baridi bundi mdogo alilia karibu na dirisha la bibi yuleyule wa jino, naye akaniomba nigeuze kiatu chake nyayo juu, ili ndege yule anyamaze na asimwite mtu. Sikucheka. Nilikigeuza, kwa kuwa nyumbani kwetu, bundi akilia juu ya paa, marehemu bibi yangu hakulala hadi alfajiri. Nilipomwambia hivyo, alinitazama muda mrefu, kisha akasema nimwite Mamaw, kama wajukuu wake wanavyomwita. Tangu usiku ule hanifichi neno. Nimejua kutoka kwake kwamba maharage hupandwa ishara zikiwa mikononi, na kwamba ukiyapanda katika siku za maua utavuna maua matupu. Kwamba viazi, kwa kuwa huzalia chini, huwekwa ardhini mwezi unapopungua. Kwamba ukungu wa asubuhi za Agosti huhesabiwa kwa punje za maharage ndani ya chupa, ili ijulikane theluji itaanguka mara ngapi. Nimejua pia kwamba baridi inayorudi wakati wa chipuko ina majina, baridi ya maua ya dogwood kisha baridi ya maua ya blackberry, nayo ni majina ya kazi kama kusi na kaskazi kwa mvuvi, kwani anayeyajua hataharakisha kuitoa miche yake nje ikaunguzwa na jalidi.

Kwa nini basi wajukuu hawayajui? Kwa sehemu kubwa ni aibu. Watoto wa milima hii wamefundishwa kwa miongo mingi kwamba lafudhi ya kwao ni dalili ya ujinga. Wamejiona katika televisheni wakichorwa kama watu wasio na viatu wala meno, na wengi walipokwenda kutafuta kazi Cincinnati au Detroit walijifunza kufunga mdomo hadi wamezoea kusema kama wenyeji wa huko. Mjukuu wa Mamaw, mtu mzima mwenye watoto, alikuja mwezi wa tano akamsikia bibi yake akitaja ishara. Akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, mgeni, kwa ajili ya maneno ya bibi yake, huku bibi amekaa palepale kati yetu akiyasikia yote. Sikujua nitazame wapi. Nasi wahamiaji tusijidanganye kwamba hilo ni la Wamarekani peke yao: ni wangapi kati yetu wenye watoto wanaowasahihisha mama zao Kiingereza mbele ya mwalimu, na mama anainamisha kichwa?

Ndiyo maana nawaheshimu sana wale wanafunzi wa sekondari wa kaunti ya Rabun, kaskazini mwa Georgia, ambao mwaka 1966 walianza kazi ya kuwaendea wazee wa jirani na kuwauliza namna ya kujenga nyumba ya magogo, kuchinja nguruwe na kupanda kwa ishara, wakayachapisha majibu katika jarida walilolipa jina la Foxfire. Wengi husifu kurasa zile kwa sababu zimehifadhi maarifa. Mimi nasifu zaidi kwamba watoto wa palepale walipewa ruhusa, na shule yao wenyewe, ya kuuliza bila kuona haya. Shule iliyozoea kusahihisha ilijifunza kusikiliza.

Kanda na kurasa peke yake hazitoshi, na mto umekwisha kutuonyesha. Appalshop, kituo cha sanaa na utamaduni cha Whitesburg, Kentucky, ilianza mwaka 1969 na kwa zaidi ya nusu karne imekusanya filamu, picha na sauti za watu wa milima. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliingia katika jengo lake, yakafunika kwa maji na matope sehemu kubwa ya hazina ile, na hadi leo kuna watu wanaoisafisha na kuiokoa kanda baada ya kanda. Kazi yao ni ya kuheshimiwa mno. Lakini ishara za mwezi ambazo mhudumu, muuguzi na mjukuu wanazijua kwa kichwa, maji ya mto hayawezi kuzifikia.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba si kila kilichorithiwa kinastahili kurithiwa tena. Kumnywesha mtoto mwenye kikohozi matone ya mafuta ya taa juu ya sukari kulikuwa hatari wakati ule na ni hatari leo. Shoka chini ya kitanda cha mzazi halikati uchungu, na anayetokwa damu nyingi anahitaji hospitali. Kama jino lile lingekuwa limevimba, ningekuwa wa kwanza kumsihi Mamaw asisubiri magoti wala miguu. Nakubali pia kwamba muuguzi mwenye wagonjwa 20 hana nafasi ya kujifunza unajimu. Lakini hakuna anayemwomba auamini. Anaombwa amwulize mzee swali moja la pili kabla ya kuandika, "ishara gani, Bibi?", na nyumba zinazowapokea wazee wa hapa zinaombwa saa chache za mafunzo kwa wafanyakazi wapya, zikiongozwa na wenyeji, juu ya namna wazee wao wanavyosema. Tunafundishwa kwa siku nzima namna ya kumwinua mtu kitandani bila kumvunja. Maneno yake nayo yanahitaji mikono iliyofundishwa.

Wapo pia wanaouza misemo ya milimani ikiwa imechapwa kwenye vikombe na fulana. Sioni kwamba inahifadhi kitu. Na wanaosimulia mila hizi kana kwamba zote zilitoka Uskoti na Ireland wanawasahau Wacherokee, wenye ardhi yenyewe, na watu weusi walioiunda banjo kwa kufuata ala za Afrika.

Kinachonipa moyo ni siku ya kupamba makaburi. Upande wa North Carolina, bwawa la Fontana lilipokamilika mwaka 1944, maji yalifunika barabara, na vijiji vya ukingo wa kaskazini vikahamwa, makaburi yakabaki ng'ambo. Barabara mpya iliyoahidiwa haikukamilika kamwe. Hadi leo familia huvushwa kwa boti za hifadhi ya taifa, wakiwa na reki, maua na vikapu vya chakula, wakafagia udongo juu ya makaburi, wakaimba, wakala pamoja palepale. Watoto huenda kwa sababu wanabebeshwa reki, na mwenye reki mkononi huuliza huyu aliyelala hapa alikuwa nani.

Mamaw ana jambo moja ambalo hajalitoa. Anayo maneno ya kutuliza moto, yale anayosomewa mtu aliyeungua, huku msomaji akipuliza polepole juu ya kidonda. Kwa desturi ya kwao mwanamke humpa mwanamume, na mwanamume humpa mwanamke. Yeye aliyapewa na baba mkwe wake. Juma lililopita aliniuliza kama nitayapokea. Nilishindwa kujibu mara moja. Nilimwambia kwamba ni heshima kubwa kwangu, lakini yuko mwanamume wa damu yake ambaye hajaulizwa. Akanyamaza, akazungusha pete kidoleni, kisha akaniomba nimbonyezee namba za simu ya mjukuu wake. Sikusikia upande wa pili ulisema nini. Nilimwona tu Mamaw akiitazama kalenda yake, akatafuta siku kwa kidole, akasema Jumapili itafaa. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niwe mlangoni saa hiyo, mtu asiingie na dawa wala na chakula hadi watakapomaliza.