Huku si mbele kwa kila kitu

Wiki yangu ya kwanza Leipzig, Ujerumani, niliingia duka la mikate, nikachagua mkate, nikatoa simu nilipe. Muuzaji akanionyesha kikaratasi kilichobandikwa kando ya mashine ya kahawa: pesa taslimu tu. Sikuwa na hata senti. Nikauacha mkate pale, nikatoka na aibu yangu. Wakati huohuo mama yangu kule Mbagala anauza vitumbua kwa lipa namba, kikaratasi chake kimebandikwa kwenye ndoo ya unga.

Ndiyo maana jamaa wakiniambia "nyie mko mbele" huwa nacheka. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafika 2008. Huku, mpaka sheria ilipozibana benki za nchi za euro, Januari 2025, ndipo kutuma pesa ya papo kwa papo kukawa kwa bei ileile ya kutuma kawaida. Kodi niliyokuwa namtumia mwenye nyumba Ijumaa jioni ilimfikia Jumatatu. Sisi hatukuwa werevu kuliko wao, tulikuwa na shida zaidi. Benki ilikuwa mbali, wakala yuko kona ya mtaa. Mjerumani benki yake ipo tangu babu yake, haraka ya nini?

Na umeme, basi! Mama akisema luku inalia, naingia kwenye simu, namtumia (na ya kutolea, asipoipata hiyo nitasikia), na baada ya dakika chache ananisomea tarakimu ishirini za tokeni kana kwamba mimi ndiye ninayeziingiza. Mimi hapa kila mwezi nalipa kwa makadirio. Mara moja kwa mwaka nashuka na tochi chumba cha chini, napiga picha mita, natuma. Kisha inakuja barua, ya karatasi, kunieleza nadaiwa kiasi gani.

Kuna kitu kimoja tu nawaonea wivu Wajerumani, na si mashine. Mwaka juzi mama alipigiwa simu na kijana mwenye adabu zake, shikamoo mama, habari za biashara, eti ni wa huduma kwa wateja. Akamwongoza bonyeza hiki, ingiza kile. Laki moja na themanini ikaondoka, mtaji wa unga na mafuta. Alipofika kwa wakala hela ilishatolewa upande wa pili. Mimi kadi yangu ilipokatwa euro tisini za kitu nisichonunua, nilijaza fomu moja nikarudishiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka benki irudishe malipo ambayo mteja hakuyaidhinisha kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha. Najua, mama alitoa namba ya siri mwenyewe, hata huku wangemwambia uzembe ni wake. Lakini mimi nina pa kuanzia kubisha. Yeye alibaki na wakala anayemwambia pole mama.

Sasa imekuja akili mnemba ya kuiga sauti, na familia yetu haiandiki, inarekodi. Sauti yangu imejaa kwenye kundi la ukoo tangu enzi za msiba wa babu, na kundi lenyewe lina watu ambao hata shangazi hajui ni watoto wa nani. Mtu akiokota sekunde chache tu za sauti hiyo anaweza kumwambia mama nimelazwa, nahitaji hela leo. Ataituma kabla hajakaa chini.

Kwa hiyo tumekubaliana: sauti yoyote inayoomba hela iulizwe jina la jogoo aliyekuwa ananifukuza nikiwa darasa la pili. Wiki iliyopita nilimpigia kwa namba ngeni, nikaomba elfu kumi kumjaribu. Akacheka, akaniuliza nimekula nini, akauliza baridi imepungua, jogoo hakumtaja. Dakika mbili baadaye elfu kumi ikaingia kwenye laini yangu ya nyumbani, na ya kutolea.