Mwanya Ni Urembo wa Meno, si wa Sakafu

Mwanya wa meno watu wameuposea na mahari wakalipa. Mwanya wa sakafu nani ameuposea? Na Dodoma ikishafika Agosti, kila mwenye sebule ya laminati, zile mbao za sakafu za kupachika, anao. Upepo unavuma, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, mbao nazo zinaona zisiachwe nyuma. Mgeni anaingia, salamu hajatoa, macho chini: "He, sakafu imeachia hii." Ahsante shemeji, tumeona.

Anapigiwa simu fundi. Fundi anasema mzigo feki. Mwenye duka anasema fundi kanjanja. Hali ya hewa haitajwi na mtu, maana hali ya hewa hairudishi chenji.

Ubao wa laminati ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu ukavishwa picha ya mbao. Ndiyo, picha. Ile mistari ya mninga unayomwonyesha baba mkwe ni karatasi. Lakini huo unga bado una tabia za mti: hewa ikiwa na unyevu unanenepa, hewa ikikauka unakonda. Boksi limekaa ghalani Dar, kwenye joto la pwani ambako hata chumvi inalia ndani ya kopo. Limeshiba. Linapanda lori, kilomita kama 450, linashushwa Dodoma jioni ya Julai, na asubuhi fundi anapachika kwa sababu bosi ana haraka ya kuhamia. Maboksi yanatakiwa yalale ndani ya chumba kilekile angalau saa 48, yakiwa yamelazwa, si kusimamishwa ukutani kama walinzi. Mzigo uliotoka pwani kiangazi, mimi ningeuacha wiki nzima. Mgeni wa Dar tunamwacha siku mbili azoee vumbi. Ubao haupewi hata chai.

Halafu kuna bwana mwenye putty. Septemba anaona nyufa, anaziba moja moja, anasugua, anapiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Desemba mvua zinaanza. Mbao zinanenepa, zinarudi kwenye nafasi zao, zinakuta pana mpangaji. Zinasukumana wee, mwisho zinapanda juu. Kufika Februari katikati ya sebule kuna tuta, tena halina kibao cha onyo. Mbao za kupachika hazizibwi putty. Zimelala tu juu ya sponji, hazijashikwa na jamvi, yaani zege la chini, na uhai wao wote ni kule kuachwa zitembee.

Zitembee kwenda wapi? Ukutani. Kuzunguka chumba chote, kwenye fremu za milango na kwenye mabomba pia, inaachwa nafasi ya milimita 8 hadi 10, na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inaifunika. Sasa fundi wa "kazi safi bosi" anausukuma ubao mpaka ukute ukuta, au nafasi anaijaza saruji ili panya wasipite. Skatingi nayo anaipigilia misumari inayoshuka mpaka kwenye ubao. Msumari wa skatingi uingie ukutani! Chumba kikizidi mita 8 hivi, au sakafu ikivuka mlango kwenda chumba kingine, inakatwa hapo na kuwekewa mkanda wa kuungia.

Lakini mchawi mkubwa ni kabati la jikoni. Limepandishwa juu ya laminati, juu yake jiwe la granite, ndani sufuria za shughuli za ukoo mzima. Upande ule umetiwa nanga. Kiangazi mbao zinakonda, za kule haziwezi kusogea, basi nyufa ndogo ndogo ambazo zingegawana chumba kizima zinajikusanya mahali pamoja, kwenye vichwa vya mbao, pale pale mgeni anapovulia viatu. Kabati lifungwe kwanza, sakafu iishie miguuni pake.

Kabla ya kugombana na mtu, pima. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na ikipita tarehe 10 haina kazi nyingine. Ikigoma kuingia kwenye ufa, nyamaza usubiri mvua. Zikiingia mbili kwa pamoja, na Februari ufa bado uko wazi, pachiko limeachia. Hapo kuna kazi.

Vua skatingi mwisho wa mstari ule, upande ulio karibu na ufa. Tafuta kinyonyeo cha kubebea vioo, kibandike juu ya ubao unaofuata, paka uzi mwembamba wa gundi ya mbao kwenye ulimi, ule ukingo unaoingia kwenye ubao wa jirani, kisha gonga kinyonyeo kwa nyundo ya mpira kuelekea kwenye ufa. Ufa unaziba hapo na kuhamia nyuma ya ubao uliougonga. Mfuate huko huko, ubao kwa ubao, mpaka umfikishe ukutani, chini ya skatingi. Gundi isidondoke kwenye jamvi, utakuwa umetia nanga nyingine.

Na sasa ndoo ya maji. Kuna watu wakiona ufa wanamwaga maji, eti mbao zivimbe zifunge. Zinafunga kweli! Kingo zinaumuka kama maandazi, na andazi halirudi kuwa unga. Deki ya laminati ni kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikaomba msamaha. Pita peku: ufa wa kiangazi unagusa kucha tu, ukingo ulioumuka unakukwaza hata masika, na huo hauna nyundo wala gundi, ubao unabadilishwa. Kwa hiyo siku ya kununua chukua boksi mbili za ziada uziweke stoo, maana ukirudi dukani mwakani na kipande chako mkononi, watakwambia mninga ule haupo tena, sasa hivi kiwanda kinachapa mwaloni.