Ngome Mbili na Sufuria ya Biriani

Binamu yangu wa Malindi ana ugonjwa mmoja: akikaa bure, lazima amtafutie mtu kazi. Safari hii alinitumia picha ya ubao wa chesi kwa WhatsApp, na chini yake maneno haya: "Mweupe anaanza, ampige mweusi chekmeti. Programu ya simu marufuku, binadamu ruksa. Ukishindwa, Ijumaa twaja wote, utupikie biriani."

Utupikie! Naye ajua fika kwamba mimi hata chai ya rangi huiunguza. Nikamjibu "Haya" hapo hapo, maana mwanamume akishachokozwa hana muda wa kupita jikoni kuuliza mpishi ana maoni gani.

Ukiutazama tu, ule mchezo ungedhani ni mwepesi: umbane mfalme wa mweusi mpaka asiwe na pa kukimbilia, ndiyo chekmeti. Mweupe ana ngome mbili, farasi, tembo, na askari wawili waliokwisha kupenya mpaka karibu na mfalme wa mweusi. Balaa ni kwamba mweusi naye amebakisha hatua moja tu akumalize. Huna pumzi. Kila unachocheza lazima kiwe cheki, yaani kimtishie mfalme, na kila cheki niliyoipiga mfalme aliikwepa akenda zake. Nikalala na ule ubao, nikaamka nao. Mke wangu akaniuliza kama nina deni.

Ikawa sina budi kutoka nao barazani baada ya alasiri, wakati wazee wa mtaa wetu hapa Amu, yaani Lamu, wanakunywa kahawa na wacheza dumna wanagonga meza. Kete zangu hazikuwa kamili, watoto walizimaliza zamani. Mfalme mweusi alikuwa kikopo cha chumvi, na ngome zangu mbili nyeupe zilikuwa kashata za nazi. Nazitaja mapema kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu kijana anayefundisha wanafunzi chesi. Akautazama ubao, akakohoa, akaanza kunieleza jambo jingine kabisa: eti ukibaki na tembo na farasi dhidi ya mfalme mtupu, unaweza kumfunga kwa hatua zisizozidi 33, lakini ni lazima umsukume mpaka kona yenye rangi ya mraba anaotembea tembo wako, na usipite hatua 50 bila kumfunga, mwenzako atadai sare. Nikamwambia, mwalimu, huyu mfalme si mtupu, ana jeshi na anataka kuniua. Akasema, "Naelewa, lakini ile nyingine ndiyo niliyoisoma."

Aliposikia habari ya biriani alichangamka. Kumbe kuwekeana chakula si jambo geni. Mmarekani Sam Loyd, fundi wa kutunga mafumbo haya, aliwekeana na rafiki yake chakula cha jioni. Yule rafiki alijigamba kwamba akionyeshwa fumbo lolote ataitambua kete itakayompiga mfalme. Loyd akamwambia basi nichagulie ambayo haitampiga kamwe. Jamaa akanyooshea kidole askari wa mraba wa b2, ambaye hata hajaondoka nyumbani. Fumbo likachapishwa mwaka 1861: hatua ya tano, anayetoa chekmeti ni yule yule askari, kavuka ubao mzima.

"Sasa hapa kwetu?" nikamuuliza.

"Hapa kwenu naona ngome italiwa."

Nahodha mmoja aliyekuwa kajiegemeza ukutani hakusubiri maelezo. Alinyoosha mkono, akaitia ngome mdomoni. "Tamu," akasema, "lakini iliki imezidi." Kabla sijapata neno la kumjibu, punda akaingia kichochoroni na shehena ya mchanga. Mnavijua vichochoro vya Amu: punda akipita, binadamu hukunja miguu. Tukakunja miguu wote, hakuna aliyeukunja ubao. Lile domo laini likashuka, likapapasa taratibu kama kipofu anayetafuta shilingi, likampita farasi, likampita tembo, likaichukua ngome ya pili. Kijana mwenye punda akasema, "Samahani, mzee," akaendelea na safari.

Pale ndipo Maalim, aliyekuwa kimya na finjani yake tangu mwanzo, alipocheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Ndiyo jawabu lenyewe! Ngome zote mbili ziliwe. Hii ni ya Dilaramu."

Akatusimulia. Ni fumbo la zamani sana, la sataranji, chesi ya kale ya Waarabu na Waajemi. Bwana mmoja alicheza kamari akapoteza kila kitu, mwisho akamweka mkewe, Dilaramu. Naye mchezo ukamwendea kombo. Mke alikuwa ameketi karibu anatazama, akamwambia mumewe: toa ngome zako mbili, uniokoe mimi.

Baraza likanyamaza. Nikaona macho ya watu hayanitazami mimi, yanatazama mlango ulio nyuma yangu.

"Baba Fatma," ikaja sauti. "Hiyo biriani ya Ijumaa, mpishi ni nani?"

Maalim, Mungu amlipe, alijitia kutosikia. Alipanga kokwa za tende mahali pa ngome zilizoliwa, akatuonyesha. Ngome inakwenda kwenye kona, cheki, mfalme anaila. Tembo anaruka kutoka h3 mpaka f5, njia ya ngome ya pili inafunguka, cheki. Mweusi anaziba kwa ngome yake, inaliwa, mfalme anarudi alikotoka. Ngome ya pili nayo inajitupa kona ile ile, inaliwa. Askari anasogea, cheki. Farasi anaingia h6, na kile kikopo cha chumvi hakina pa kwenda.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu peke yake alikuwa kasimama, uso umemwiva.

"Tembo haruki!"

"Wa zamani huruka," Maalim akasema. "Alikwenda miraba miwili kwa mshazari, akaruka chochote kilicho katikati. Huyu wenu wa leo ndiye anayekwenda mbali na harukii kitu."

Nikampigia binamu, sauti nikaifungulia baraza zima. Nikamsomea jawabu kwa madaha, yeye akapiga kelele lile lile la mwalimu. Nikamuuliza jawabu lake yeye ni lipi. Kimya. Kumbe picha aliikata tu mahali, hajui hata imetoka wapi. "Lakini hujashinda," akasema. "Twaja."

Na Ijumaa walikuja kweli, basi zima la Malindi nadhani walilijaza wao, wakashuka Mokowe, wakavuka kwa boti. Mke wangu aliwapokea kwa bashasha, akawakalisha wanawake na watoto, kisha akatukabidhi mimi na binamu kisu, gunia la vitunguu na jiko la makaa, akafunga mlango wa jikoni kwa nje.

Tulipika. Wali ulikuwa na tabaka tatu: bichi juu, tope katikati, mkaa chini. Chumvi hatukuiona, maana kikopo kilikuwa barazani, ambako Maalim alikuwa akimfundisha Mama Fatma kumfunga mfalme. Wanawake waliagiza samaki wa kukaanga na mahamri. Binamu mpaka leo ananidai nauli ya boti, eti tembo haruki.