Spea nzima isitolewe kisa kalenda imesema

Kila karakana ina huu ubishi: mashine ikifikisha masaa fulani spea itolewe iwekwe mpya hata kama haijasumbua, na anayeiacha iendelee anaitwa mzembe, eti anasubiri brekidauni. Mi naona huyu "mzembe" anaonewa sana.

Vita vya pili vya dunia, ndege za Uingereza zilizokuwa zinasaka nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinaingia sevisi kila masaa 50 ya kuruka. C. H. Waddington, mtu wa baolojia wala si injinia, na wenzake wakapanga hitilafu zote kwa kuangalia masaa tangu sevisi ya mwisho. Ungetegemea zipande kadiri sevisi inavyokaribia, lakini wapi, zilikuwa nyingi zaidi ndege ikiwa imetoka tu sevisi, halafu zinapungua. Sevisi yenyewe ndo ilikuwa inavuruga vilivyokuwa vimetulia.

Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa United Airlines, shirika la ndege la Marekani, wakatoa ripoti yao: katika vifaa vya ndege walivyochunguza, ni 11% tu vilivyoonyesha kuchoka kwa umri, na 68% hatari yao kubwa ilikuwa vikiwa vipya. Hebu ikae kichwani hiyo 68. Unang'oa kifaa kilichokwisha kuvuka kipindi kibaya, unaweka kinachoanza kipindi hichohicho, na hela umetoa. Hata pampu ya maji ni hivyohivyo, beringi mpya inagongwa na nyundo mpaka ikae, grisi inaingia mchanga, shafti inarudi imepinda kidogo, wiki mbili baadaye inalia na lawama zote zinaenda kwa spea feki. Na kwenye ndege zenyewe ratiba ilipunguzwa: ndege ya abiria ya DC-8 ilikuwa na vifaa 339 vya kufanyiwa ovaholi (kufumuliwa na kukarabatiwa) kwa ratiba, DC-10 iliyokuja baadaye ikawa na 7 tu.

Sasa wa kalenda nao wana kesi yao. Kubadilisha mapema kunalipa kama hatari inapanda na umri NA kuharibika ghafla kunakula hela kuliko kubadilisha kwa mpango. Taiming belti, ule mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni, ina vyote viwili, kwenye injini nyingi ikikatika pistoni zinagonga valvu, hapo usingoje kitu. Balbu za barabarani pia, gari la kupandishia fundi ni ghali kuliko balbu yenyewe, bora ubadilishe barabara nzima kwa mkupuo. Na kweli asilimia za ndege huwezi kuzihamishia mashine ya kusaga zilivyo.

Ila za mashine yako utazipata wapi? Daftari nyingi zinaandika tarehe iliyoharibika na bei ya spea basi, masaa iliyofanya kazi tangu ifunguliwe mara ya mwisho hayaandikwi, na bila hiyo namba ratiba inabaki ya kukisia tu, iwe imetoka kwa injinia au kwa anayekuuzia spea.