Mantiki Safi Haitoshi

Kwenye mijadala mtu akishasema "hoja hii ina mantiki", wengi hunyamaza kana kwamba shauri limekwisha. Kwangu mimi hapo kazi imefika nusu tu.

Dedaksheni ni namna ya kufikiri ambayo hitimisho halina budi kufuata kauli zilizotangulia. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliipangia kanuni zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Kila mamalia ana uti wa mgongo. Popo ni mamalia. Basi popo ana uti wa mgongo. Ukizikubali kauli mbili za mwanzo, ya tatu huikwepi. Lakini sema: malaria huleta homa, fulani ana homa, basi ana malaria. Hapo hoja imevunjika, maana homa ina vyanzo vingi. Kosa hilo ni rahisi kulinasa. Linalonitia wasiwasi ni hoja ambayo kila hatua yake ni sahihi, ilhali kauli ya kwanza haijakaguliwa na yeyote. Anayeuliza kauli hiyo imetoka wapi huitwa mbishi, na kwa maoni yangu huonewa.

Chukua mfano wa elimu ya nyota. Mwaka 1846 mwanafalaki Mfaransa Urbain Le Verrier aliichunguza kwa hesabu sayari ya Uranus, ambayo mwendo wake haukulingana na hesabu. Ikiwa sheria ya mvutano ya Newton ni kweli, na vivutaji vyote vinavyojulikana vimeshahesabiwa, basi kuna kingine kinachoivuta. Akakokotoa kilipo. Usiku wa tarehe 23 Septemba, huko Berlin, mwanafalaki Johann Galle akaelekeza darubini na kuikuta sayari ya Neptuni, chini ya digrii 1 kutoka pale alipoelekezwa. Ushindi mtukufu kabisa!

Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo akaona Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, nayo inakengeuka na hesabu. Hoja ikawa ileile: kuna kitu kisichoonekana karibu na Jua. Sayari hiyo ikapewa hata jina, Vulcan, na watu wakaisaka kwa miongo kadhaa. Haikuwepo. Waliikagua anga tena na tena, kwa sababu kauli ya kwanza, yaani sheria ya Newton, ilikuwa imewafaa mno kiasi cha kutotiliwa shaka. Hata hivyo ukali wa hoja ndio uliosaidia: hoja legelege ingewapa visingizio chungu nzima, lakini hii, hitimisho lake lilipokataa, iliwaachia mahali pachache sana pa kutafuta kosa. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba lililohitaji kurekebishwa ni sheria yenyewe ya mvutano.