Jasho la Mwani na Bei ya Mwani

Sabuni ya mwani inayouzwa Mji Mkongwe imekuwa mfano unaopendwa kila yanapotajwa mafanikio ya wanawake wa Zanzibar. Akina mama waliokuwa wakiuza mwani mkavu kwa bei ndogo sasa wana bidhaa zao, na wapo waliojenga na kusomesha. Baadhi ya watu husema siri yao ni moja tu, kujituma kusikoonekana. Wengine hujibu kuwa walibahatika kuwa karibu na wafadhili na mahoteli. Pande zote mbili zina ukweli, ila naona ule wa kwanza husemwa kwa wepesi mno.

Tuanze na jasho lenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wengi mno ni wanawake. Ratiba yao hupangwa na bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Maji yakipwa wanateremka, hata jua likiwa la utosini. Wanapigilia vigingi, wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, kifundo baada ya kifundo, wameinama ndani ya maji. Halafu husubiri kama wiki 6, huku wakipita kusafisha kamba na kufunga upya zilizokatika. Kuvuna ndiko kunakochosha zaidi, maana gunia la mwani mbichi ni zito kweli, na ukishakauka uzito unaobaki ni sehemu ndogo tu. Ukinyeshewa wakati wa kuanikwa, ubora unashuka na bei nayo inashuka. Macho yanawasha, mgongo unauma. Watoto wanaachwa kwa bibi yao, ambaye hatajwi katika hadithi yoyote ya mafanikio, ingawa bila yeye mama asingefika pwani.

Waliohamia kwenye sabuni, kama vikundi vya kijiji cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, waliongeza kazi juu ya kazi: kusaga mwani, kupima mafuta ya nazi na kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), kujaribu karafuu na mchaichai, kusubiri sabuni ikomae kabla ya kuiuza. Ukikosea vipimo, mafuta yote yamepotea. Kwa hiyo anayesema mafanikio haya yametoka kwa wafadhili peke yake anawadhulumu. Mafunzo walipewa wengi. Waliobaki wakiyafanyia kazi miaka na miaka ni wale wenye subira.

Lakini subira hiyo hiyo wanayo pia waliobaki maskini, na hapo ndipo hoja ya kujituma inapoishiwa nguvu. Kuna mwani wa aina mbili unaolimwa kwetu. Kotonii una bei nzuri, lakini tangu miaka ya 2000 umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto la bahari. Spinosamu unavumilia zaidi, ila bei yake ni ya chini. Mkulima aliyelazimika kuacha wa kwanza na kushika wa pili alibaki na kazi ile ile kwa pesa pungufu, bila kosa lake. Bei yenyewe hutegemea wanunuzi wachache na soko la nje, ambako mwani hukamuliwa karajini, kitu cha kufanya vyakula na bidhaa viwe vizito, ya kutilia aiskrimu na dawa ya meno.

Itazame na Pemba. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hulimwa huko, lakini watalii wengi wako Unguja. Mwanamke wa Pemba anaweza kutengeneza sabuni nzuri vile vile, akakosa wa kumuuzia. Tukimwambia aongeze bidii, tunamkosea.

Kwa sasa njia inayozungumzwa ni kuupeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu, yenye ubaridi zaidi. Huko panahitajika boti na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani zetu hawakufundishwa kuogelea utotoni. Baadhi wamejifunza ukubwani, jambo ninaloliheshimu sana. Boti hawawezi kuzipata kwa bidii peke yake, kwa bei wanayolipwa sasa. Fedha za uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, zianzie hapo, kwenye boti na mafunzo ya kuogelea, na Pemba ipewe fungu lake mapema.