Mtoto Afundishwe Kushuku Tangazo, au Tangazo Lizuiwe?

Mtaala wa umilisi ulioingia shuleni kote nchini Kenya mwaka 2019 umeweka uwazaji kina, yaani kuhoji na kupima mambo kabla ya kuyakubali, na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Kwenye karatasi hakuna la kulalamikia. Ubishi ni iwapo somo la kuhoji matangazo litamkinga mtoto wa Nairobi dhidi ya biashara inayomfuata hadi ndani ya simu ya mamake.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Tangazo la siku hizi halijitambulishi. Msichana anapika chapati kwenye video, chupa ya mafuta imegeuzwa nembo ije mbele, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba amelipwa. Sheria itaikamata vipi? Mtoto aliyezoeshwa kuuliza "nani kalipia hii?" ataiona chupa. Na mbinu yenyewe si ngumu: aondoke kwenye ukurasa unaojisifu, atafute wengine wanasema nini kuuhusu. Wala si lazima darasa liwe na kompyuta. Mabango ya Thika Road yanatosha kwa vipindi vya muhula mzima.

Hata hivyo, utafiti tangu miaka ya 1970 umeonyesha kwamba watoto wengi walio chini ya miaka minane hivi hawang'amui kuwa tangazo lina nia ya kuwauzia kitu. Huyo utamfundisha kushuku nini? Ndiyo maana Quebec, Kanada, ilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayolenga walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Isitoshe, umri peke yake si kinga. Mwaka 2023 watu wazima walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wapigwe picha za mboni za macho kwa ajili ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, wapate sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000, hadi serikali iliposimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Sidhani wote walikosa akili ya kuhoji. Wengi walikosa pesa. Na Aprili 2025, bodi ya kamari iliposimamisha matangazo ya kubeti kwa siku 30, haikungoja vijana wahitimu somo lolote.

Mimi naegemea marufuku kwa wadogo, na somo kuanzia darasa la nne hivi. Ila somo lenyewe linaweza kuharibika. Mtoto anayerudi nyumbani akisema "mtandaoni yote ni uongo" hajajifunza kufikiri. Kesho ataipuuza hata taarifa ya chanjo. Anahitaji pia sababu za kuamini: nani anasema, amejuaje, na atapoteza nini akidanganya.

Kisha kuna jambo ambalo walimu wakuu hawalipendi. Michezo ya shule zetu huchezwa kwa jezi zenye nembo za kampuni. Mwalimu gani ataanzia hapo, aulize darasa nembo hiyo imelipiwa na nani, na kwa nini?